Shaba ya Katanga: Hisani Imekuwa Deni

Shirika la Union Minière, lililoundwa mwaka 1906, lilichimba shaba ya Katanga kwa miongo kadhaa. Gécamines iliyolirithi mwaka 1967 iliendelea kuwapa wafanyakazi nyumba, shule, hospitali na unga wa mahindi. Lakini uchimbaji ulipoporomoka katika miaka ya 1990, misaada hiyo ilififia, na jamaa nyingi zikataabika. Hisani hudumu kadiri mfuko wa mtoaji unavyojaa.

Sheria ya madini ya Kongo, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, imeigeuza hisani kuwa deni. Kampuni inayochimba madini yapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake, yaani faranga 3 katika kila 1,000, kwa maendeleo ya vijiji vinavyouzunguka mgodi. Yapaswa pia kuwekeana mkataba na wenyeji kuhusu shule, visima na zahanati zitakazojengwa. Fedha hizo husimamiwa na wajumbe wa kampuni pamoja na wa wananchi.

Basi wenyeji na wachague wajumbe waaminifu wanaojua kusoma hesabu, kina mama wakiwemo. Dawa ya deni ni kulipa, lakini deni lisilodaiwa husahauliwa.