Herufi za lugha zetu zisipotee kwa kukosa kuuliza

Miaka michache iliyopita, mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea tasnifu yake kuhusu vitenzi vya Kikuyu. Kazi yenyewe ilikuwa ya kupigiwa mfano, ila kurasa za mifano zilinishangaza. Kila palipostahili irabu ĩ au ũ, palikuwa na kisanduku kitupu au alama isiyohusiana kamwe na lugha hiyo. Kijana wa watu alikuwa amekwisha kulipia uchapishaji na jalada. Aliniambia kwa unyonge kwamba katika tarakilishi yake, herufi zote zilionekana sawasawa.

Yamkini wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo madogo. La hasha! Kikuyu kina irabu saba, nazo irabu tano za Kirumi hazitoshi. Kũruga ni kupika, ilhali kũrũga ni kuruka. Ondoa kiwimbi kilicho juu ya herufi, na mpishi atageuka mrukaji. Hata marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuaga mwaka 2025 baada ya kuzitetea lugha za Kiafrika kwa miongo mingi, mara ngapi jina lake limechapishwa bila viwimbi hivyo?

Kisa cha mwanafunzi wangu kina maelezo mepesi. Tarakilishi haihifadhi umbo la herufi, huhifadhi nambari. Fonti ndiyo inayoipa nambari hiyo sura tunayoiona. Zamani, fonti nyingi zilikuwa na nafasi zisizozidi 256, na lugha zetu hazikutengewa chochote humo. Basi wajuzi walibuni hila: walifuta umbo la herufi fulani ya Ulaya na kuchora ũ mahali pake. Hila hiyo ilifaa mradi kila msomaji awe na fonti ile ile. Hati ilipofunguliwa kwingine, herufi ya Ulaya ilirudi kwake na yetu ikatoweka. Mwanafunzi wangu alikuwa amenakili orodha ya maneno iliyopigwa chapa kwa fonti ya namna hiyo.

Tiba ya maradhi hayo ipo. Mwaka 1991 lilichapishwa toleo la kwanza la Unicode, mfumo unaoipa kila herufi ya dunia nambari yake isiyobadilika. Humo ĩ ni 297 na ũ ni 361, Nairobi iwe au London. Leo mfumo huo una herufi na alama zaidi ya 150,000. Majedwali yake yanapatikana bure, na mtu yeyote mwenye ushahidi wa kutosha anaweza kuwasilisha pendekezo kuhusu herufi iliyosahauliwa.

Hata hivyo, nambari bila umbo ni jina bila mtu. Kwa bahati njema, shirika la SIL limetengeneza fonti za Charis, Doulos na Gentium kwa ajili ya wanaisimu na lugha zinazotumia herufi za ziada. Fonti hizo zina alama za fonetiki tunazozihitaji darasani, na zinajua kupanga alama mbili juu ya herufi moja. Anayeonyesha toni ya Kikuyu atauthamini ufundi huo, kwani katika fonti hafifu alama ya toni huukalia wimbi wa ĩ hadi vyote viwili visisomeke. Kwa wale wanaochunguza tungo za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, ipo Scheherazade New, yenye herufi za ziada ambazo Kiarabu chenyewe hakina. Nayo kampuni ya Google ilitoa fonti za Noto kwa nia ya kuvifuta vile visanduku vitupu katika maandishi ya lugha zote.

Fonti hizi zote hutolewa bure kwa leseni huria ambayo SIL iliianzisha mwaka 2005. Leseni hiyo inaruhusu kuitumia fonti, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa, mradi isiuzwe peke yake. Mwalimu hana haja ya kuiba fonti ya mtu. Na akitaka kuongeza herufi mwenyewe, programu ya FontForge pia haina malipo.

Msidhani kwamba Kiswahili kimesalimika. Ritifaa iliyo katika neno ng'ombe inaweza kuwa nambari 39, au 8217, au 700, na kwa macho zote zikafanana. Mwanafunzi akikusanya maandishi ya waandishi mbalimbali ili ahesabu maneno, programu isiyofundishwa kuzilinganisha itamwambia kuwa Kiswahili kina ng'ombe watatu tofauti! Utafiti mzima huweza kupotoka kwa sababu ya kialama kisichozidi punje ya mtama.

Nasaha yangu kwa walimu na wanafunzi ni hii: kuuliza si ujinga. Wako wataalamu na wapenzi wa fonti waliojiunga katika vikundi duniani kote. Chama cha watumiaji wa TeX, programu ya kupanga kurasa za kitaalamu, kimekuwapo tangu mwaka 1980. Fonti za DejaVu zilikuzwa na watu waliojitolea, na herufi nyingi za lugha za Afrika zikatiwa humo. Watu hawa hujibu maswali, lakini hawawezi kuikisia shida yetu. Anayeuliza ataje lugha, herufi na nambari yake, fonti na programu aliyoitumia, kisha aambatishe picha ya kosa lenyewe. Swali la namna hiyo ni nusu ya jibu.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inaitaka Serikali ikuze na kulinda lugha za wananchi wa Kenya. Lakini lugha hailindwi kwa maneno matupu. Hulindwa pia na mwalimu anayekataa kuipokea insha iliyonyang'anywa irabu zake. Vyuo vyetu navyo viorodheshe fonti zinazokubalika katika tasnifu, kama vile vinavyoagiza upana wa pambizo.

Yule mwanafunzi wangu aliirudia kazi yake herufi kwa herufi, kwa muda wa majuma matatu. Laiti ningalimwonyesha mambo haya siku alipoanza, asingaliteseka. Kosa hilo lilikuwa langu, wala si lake.