Mwanao akitaka kwenda Japani kusoma Kijapani

Bila shaka, msomaji, umewahi kupanda gari lililoletwa kutoka Japani. Dereva anapotia ufunguo na kuwasha moto, sauti ya mwanamke husikika ikisema maneno ambayo hakuna abiria anayeyaelewa. Je, utafanyaje siku mwanao wa chuo kikuu atakaporudi nyumbani Pumwani na kukuambia kwamba anataka kwenda huko kusoma lugha hiyo kwa muhula mmoja?

Wazazi wengi watacheka kwanza. Kisha watauliza: "Lugha hiyo itampa ugali?" Swali hilo ni la haki. Lakini kabla hujamkatiza kijana wako, sikiliza haya.

Kwanza, ulimi wake uko tayari. Kijapani kina vokali tano kama Kiswahili, na silabi zake nyingi huishia kwa vokali. Samaki ni sakana, yai ni tamago, mlima ni yama. Mtoto wa Majengo hatajikwaa hapo. Ila ajihadhari: dubu huitwa kwa neno ambalo kwetu halitamkwi mbele ya wakwe!

Kazi kubwa ni kusoma na kuandika. Kuna hiragana na katakana, kila moja ikiwa na herufi 46 za msingi. Halafu kuna kanji, herufi zenye asili ya Uchina, ambazo zile za matumizi ya kawaida pekee ni 2,136. Muhula mmoja hauzimalizi. Kwa hivyo asiondoke mikono mitupu. Kijapani hufundishwa hapa nchini, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Kenyatta na USIU, na mtihani wa kimataifa wa lugha hiyo hufanyiwa Nairobi pia. Una ngazi tano, na ya chini kabisa ni N5. Aipite hiyo kwanza.

Adabu nazo hazitamshinda. Viatu huvuliwa mlangoni, kama katika nyumba nyingi za Majengo. Anayeingia nyumbani kwa mtu huomba radhi kwa kusumbua, nasi tunapiga hodi. Mkubwa husemeshwa kwa maneno ya heshima. La kujifunza ni saa: kuchelewa huko ni kumdharau mwenzako. Tena ajue kwamba Mjapani akisema hai, yaani ndiyo, huenda anamaanisha "nimekusikia", wala si "nimekubali".

Upweke ndio mtihani mkubwa. Mkumbuke marehemu Samuel Wanjiru wa Nyahururu, aliyepelekwa shule ya sekondari mjini Sendai mwaka wa 2002 akiwa na umri wa miaka 15. Alijifunza Kijapani, na mwaka wa 2008 akawa Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki, kule Beijing. Alieleza kwamba Japani ilimfunza gaman, yaani kuvumilia.

Kama ninyi ni Waislamu, mfunze kijana kuuliza kabla ya kula, maana nguruwe huingia hata katika mchuzi wa tambi. Hata hivyo misikiti ipo. Ule wa Kobe ulifunguliwa mwaka wa 1935. Na kwa kuwa muhula wa Oktoba huingia katika majira ya baridi, mnunulieni koti zito Gikomba kabla hajaondoka.

Sasa tuje kwenye pesa, ambapo familia nyingi huumia. Serikali ya Japani ina ufadhili wa hadi mwaka mmoja kwa wanafunzi wa vyuo vikuu ambao tayari wanasomea lugha au utamaduni wa Kijapani. Hulipa karo, tikiti ya ndege na posho ya kila mwezi. Njia nyingine ni mapatano ya kubadilishana wanafunzi baina ya vyuo. Mambo haya huulizwa chuoni kwake au katika ubalozi wa Japani, Upper Hill. Maombi ya ufadhili huo hayalipiwi. Mtu akikuomba "ada ya kuharakisha", mfungie mlango. Usiuze kiwanja cha ushago kwa ahadi ya mtu uliyekutana naye mkahawani.

Wala usihesabu kwamba atajilipia kwa vibarua. Mwanafunzi mgeni huhitaji kibali, na akikipata haruhusiwi kuzidi saa 28 kwa wiki wakati wa masomo.

Akishaenda, kumbuka kwamba Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Ukimpigia saa mbili usiku, kwake ni saa nane usiku. Mpigie mchana, na akilia usimwambie arudi. Mwambie gaman.

Atakaporudi, pandeni gari pamoja. Atakuambia yule mwanamke husema nini: mara nyingi, ni kwamba kadi ya kulipia barabara haijatiwa.