Stara ya Nyumba na Jicho la Mpelelezi



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nawausia pamoja na nafsi yangu kumcha Yeye. Maneno yetu ya leo yahusu jambo tulilolizoea hata hatulioni tena, nalo ni kuangaliwa.

Katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana, na katazo hilo limewekwa baina ya dhana mbaya na kusengenya. Mpango huo una maana: mtu humdhania mwenziwe, kisha humchungulia, kisha humtangaza. Imepokewa kuwa Khalifa Umar alipanda ukuta usiku akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamjibu kuwa yeye amekosa moja, na Khalifa amekosa matatu: amepeleleza, hakuingia kwa mlango, wala hakutoa salamu. Umar akamwacha.

Hapa kwetu Kinole nyumba hutazamana mteremkoni, na mgeni huonekana kabla hajabisha hodi. Tangu TANU ilipoweka mabalozi wa nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, kumjulisha balozi mgeni aliyelala kwako likawa jambo la kawaida. Wezi walikamatwa kwa njia hiyo. Lakini balozi alikuwa pia sikio la chama. Hata hivyo tulimjua kwa jina na kwa mlango wake.

Jicho la leo halina mlango. Mnamo Januari 2020 laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Mkulima auzaye ndizi na kulipwa kwa simu huacha nyuma yake habari za nani kamlipa, kiasi gani na saa ngapi. Wengi husema, "Mimi sina la kuficha." Je, afungaye mlango akaoga, ametenda jinai gani?

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zakusanywa kwa kusudi gani, na ya kulalamika mbele ya Tume. Imebakiza nafasi kwa usalama wa taifa, na nafasi hiyo ni pana, kwa maoni yangu.

Basi akuombaye kidole gulioni, muulize ni cha nini. Kisha piga *106#, utazame ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.