Je, Wajua? Panya hupima hatari kabla ya kukimbia

Fungua kihenge cha mahindi usiku huko Mbangala, mkoani Songwe: panya mmoja hutimua mbio, mwingine huganda palepale, masharubu tu yakichezacheza. Huyo wa pili si jasiri. Kuganda nako ni kujilinda, maana paka na bundi huwahi kuona kinachotembea.

Uamuzi huo wa kukimbia au kuganda hupitia glutamati, kemikali ambayo seli za neva hutumia kuamshana. Ikinasa kwenye vipokezi vya seli ya jirani, seli hiyo husisimka. (Ndiyo, glutamati hiyohiyo imo kwenye vikolezo vya mchuzi, lakini ya chakulani haipenyi kirahisi kutoka damuni hadi ubongoni.)

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wanasayansi wa London waliwaonyesha panya kivuli kinachopanuka juu ya vichwa vyao, kama ndege anayeshuka. Seli zinazotambua hatari zilipeleka ujumbe wa glutamati kwenye eneo lililo ndani ya ubongo wa kati. Ujumbe ulipokuwa hafifu, panya hakukimbia. Ulipovuka kiwango fulani, mbio hadi mafichoni. Eneo hilo lilipozimwa, panya waliacha kukimbia, wakaganda.

Kuna pia vipokezi vya glutamati viitwavyo NMDA, vinavyosaidia kujifunza woga. Vikizibwa kwa dawa katika amigdala, kituo cha hofu ubongoni, panya wa maabara hashiki somo: ishara iliyoandamana na shoti ya umeme leo haimshtui sana kesho.