Chumvi ya Futari na Ubongo wa Mtoto Aliye Tumboni

Mtoto ni amana, na amana hulindwa kabla hajazaliwa. Tulipokuwa tukiandaa mafungu ya futari kwa familia zenye uhitaji hapa Mbinga, sisi wanakamati wa msikiti tulikusudia kununua chumvi ya kupima isiyo na lebo, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Kabla ya kulipa tukajiuliza: je, ina madini joto?

Swali hilo si dogo. Mishipa mingi ya fahamu huvikwa ala ya mafuta iitwayo mailini, mithili ya waya wa umeme uvikwavyo mpira. Mshipa uliovikwa vyema waweza kupeleka ujumbe kwa kasi ya takriban mita 100 kwa sekunde. Usiovikwa, mita 1 hivi.

Ubongoni, ala hiyo hutengenezwa na seli ziitwazo oligodendrosaiti. Zikiwa changa, hupokea ishara za ukuaji zinazoziamuru kuongezeka. Kisha homoni ya tezi ya shingo huziamuru ziache kugawanyika, zikomae na kuanza kazi. Homoni hiyo haipatikani bila madini joto, na katika miezi ya mwanzo ya mimba mtoto huitegemea kutoka kwa mama. Ikipungua mno, ala huchelewa kujengeka, na mtoto aweza kupata udhaifu wa akili usiorekebishika.

Huku kwetu milimani, mvua za karne nyingi zimeuosha udongo na kuondoa madini hayo. Ndiyo sababu rovu si jambo geni kwa wazee wetu. Ndugu zetu wa Mbamba Bay na Liuli nao wasijiamini kwa sababu ya usipa: samaki wa ziwani hawana madini joto mengi kama wa baharini. Tena, muhogo usiolowekwa na kukaushwa ipasavyo huizuia tezi kuyatumia.

Kwa hiyo, akina baba tununue chumvi yenye lebo ya madini joto. Akina mama waihifadhi katika chombo chenye mfuniko, mbali na jua na mvuke, na waitie chakula kinapokaribia kuiva. Hatusemi chumvi izidishwe, tunasema ichaguliwe.

Nasi tulipunguza sukari katika kila fungu, tukanunua chumvi yenye lebo. Huenda aliyenufaika zaidi na futari ile hajazaliwa bado.