Tegu katika Omena: Safari ya Mnyoo na Uzito wa Jina

Samaki mmoja akioza, wote huoza. Methali hii ilinijia sokoni Kangemi, magharibi mwa jiji la Nairobi, pale mnunuzi alipomrudishia mama muuzaji gorogoro nzima ya omena. Usiku uliotangulia, alipokuwa akiwaosha kwa maji moto, alikuta utepe mweupe umechomoza tumboni mwa samaki mmoja. "Hawa wana tegu," alisema, na wanunuzi wengine wakatawanyika. Makala haya yanadhamiria kueleza utepe ule ni nini, unatoka wapi, na kwa nini neno moja lilitosha kuharibu biashara ya siku nzima.

Omena ni samaki mdogo wa Ziwa Viktoria. Watanzania humwita dagaa, Waganda mukene, ilhali wanasayansi humwita Rastrineobola argentea. Mnyoo anayemvamia ni Ligula intestinalis. Kwa Kilatini, neno la kwanza humaanisha ulimi mdogo au ukanda. La pili, alilolitoa Linnaeus mwaka wa 1758, humaanisha 'wa utumbo'. Pana kinaya hapa, kwa kuwa ndani ya samaki mnyoo huyu hukaa nje ya utumbo, katika uwazi wa tumbo.

Maisha yake huanzia kwenye kinyesi cha ndege walao samaki, kama vile mnandi, ambacho hudondosha mayai ziwani. Yai huanguliwa, na kiluwiluwi chenye vinyweleo huogelea kwa muda mfupi kikingoja kumezwa na kopepodi, kiumbe mdogo mno wa majini wa ukoo wa kamba na kaa. Kisipomezwa, hufa. Omena naye humla kopepodi. Ndipo mnyoo anapopenya ukuta wa utumbo na kuingia katika uwazi wa tumbo. Hukaa humo kwa miezi, akifyonza virutubisho kupitia ngozi, maadamu hana kinywa, hadi tumbo la samaki likafura.

Kwa samaki, hasara ni kubwa. Viungo vyake vya uzazi hudumaa, hivi kwamba aghalabu hawezi kuzaa. Fauka ya hayo, samaki mwenye mnyoo huyu huelekea kuogelea karibu na uso wa maji, ambako ndege humnyaka kwa urahisi. Hilo ndilo mnyoo alilolingoja. Katika joto la mwili wa ndege, nyuzi 40 hivi za Selsiasi, hukomaa kwa siku mbili tatu, hutaga mayai, kisha hufa. Miezi ya kungoja, siku chache za utu uzima! Mzunguko uo huo umechunguzwa pia kwa usipa wa Ziwa Nyasa.

Je, mlaji? Ikumbukwe kwamba binadamu si kituo katika safari hii. Mategu yanayotusumbua hasa hutokana na nyama ya ng'ombe na ya nguruwe. Lipo pia tegu la samaki linalomwingia binadamu, Diphyllobothrium latum, lakini hilo hujulikana zaidi katika maziwa ya nchi za baridi, nalo humpata anayekula samaki wasioiva. Omena hukaushwa juani, kisha hupikwa; mnyoo aliyemo hafiki sahanini akiwa hai.

Basi kosa si la mnunuzi. Kiswahili kilimpa neno moja tu, tegu, nalo limebeba hofu ya nyama isiyoiva. Wanazuolojia wa Bewa la Chiromo wanayajua haya yote, ila huyaandika kwa Kiingereza. Sisi wa Kiswahili, tulio jirani nao, hatujayafikisha Kangemi. Napendekeza tumwite mnyoo huyu tegu-ndege, kwa kuwa kwa ndege ndiko anakokomaa. Jina hilo lingemwezesha yule mama kumjibu mteja wake kwa sentensi moja: "Hili ni tegu-ndege, mwanangu, wewe si ndege." Siku ile hakuwa na la kusema. Alizimwaga omena zote jaani.