Mzee akichanganyikiwa ghafula: ni ugonjwa, si uchawi



Katika nyumba nyingi za kambi zetu, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, utakuta baba au mama mzee aliyetoka kijijini kuja kukaa na watoto wake. Ni jambo zuri. Wao walitulea, sasa ni zamu yetu.

Lakini mwili wa mzee si kama mwili wa kijana. Kijana akishikwa na malaria, mwili unawaka moto. Mzee anaweza kuwa na ugonjwa mkali bila homa hata kidogo. Mara nyingi alama ya kwanza inaonekana katika akili. Jana alizungumza vizuri. Leo hajui kama ni asubuhi ao usiku, anaita watu waliokwisha kufa, anafungua mlango usiku wa manane.

Hapo maneno mabaya yanaanza katika lupango: «Huyu mzee ni mchawi.» Wengine wanamfunga. Wengine wanamfungisha kula na kunywa ili pepo litoke. Na kumnyima maji mzee mgonjwa ni kumwua.

Sababu ni zipi?

1. Malaria, ugonjwa wa mapafu, ao ugonjwa wa njia ya mkojo.

2. Kukosa maji. Mzee hasikii kiu sana, na wengine wanakataa kunywa wasiamke usiku kwenda chooni.

3. Sukari kushuka. Mzee amekunywa dawa ya ugonjwa wa sukari lakini hakula. Anatoka jasho, anatetemeka, anasema ovyo.

4. Dawa. Dawa za usingizi, ao dawa zilizonunuliwa sokoni na kuchanganywa na zile za munganga.

5. Mkojo kuziba. Hutokea sana kwa wanaume wazee: tumbo la chini linavimba na kuuma.

6. Kuanguka. Hata kama aligonga kichwa wiki mbili zilizopita, damu inaweza kuvuja polepole ndani.

7. Damu kuziba ao kupasuka katika ubongo, hasa kwa mwenye tansio ya juu. Mdomo unapinda, mkono unalegea, ulimi unakuwa mzito.

8. Moshi wa mbabula. Katika baridi ya Juni na Julai, watu huingiza mbabula chumbani na kufunga dirisha. Hewa yenye sumu inayotoka katika makala haina harufu. Toa mbabula nje kabla ya kulala.

Ufanye nini?

Mpeleke hospitali siku ileile. Mdomo ukipinda ao mkono ukilegea, usingoje hata saa moja. Angalia saa alama ilipoanza, umwambie munganga. Beba dawa zote anazokunywa, pamoja na zile za miti shamba, katika mfuko mmoja.

Kama anakunywa dawa ya sukari na bado anaweza kumeza, mpe maji yenye vijiko vidogo vitatu ao vine vya sukari, kisha umpeleke. Akiwa amezimia, usimtie kitu chochote mdomoni: atakabwa.

Njiani na hospitalini, abaki na mtu anayemjua. Mvalishe miwani yake. Sema naye polepole, umwambie yuko wapi. Usimfunge kamba, usibishane naye.

Na kama akili inapungua polepole, kwa miezi na miaka? Anauliza neno moja mara kumi, anapotea njia ya nyumbani. Hapo pia ni ugonjwa, ugonjwa wa ubongo. Munganga amtazame, maana sababu nyingine zinatibika. Zile zisizopona zinahitaji uvumilivu: siku yenye utaratibu, taa usiku, njia ya choo isiyo na vitu vya kukwaza, na jirani anayejua kwamba mzee huyu asiachwe aende peke yake.

Neno la mwisho ni kwako unayeshika mtambo. Kulinda mzee usiku kucha, kisha kuendesha lori asubuhi, ni hatari kwako na kwa wenzako. Gawaneni usiku: leo wewe, kesho ndugu yako, kesho kutwa shemeji. Msimwachie mama wa nyumbani peke yake mzigo wote. Na kama hukulala, mwambie mkubwa wako wa kazi kabla ya kupanda mtambo, si baada ya ajali.

Mzee anayesema maneno ya ajabu anaomba msaada kwa njia anayoiweza. Tumsikie, tumpeleke kwa munganga.